Kabla ya Mchoro na Baada Yake: Kazi za Grafiki Ukiwa Tlawi

Fulana sitini zilirudi kutoka Arusha zimeandikwa "Talawi". Zilikuwa za kwaya, rangi ya maziwa, na jina la kijiji limekaa mgongoni kwa herufi ambazo ungezisoma ukiwa ng'ambo ya ziwa. Mchoro niliotuma ulikuwa sahihi. Lakini niliutuma maandishi yakiwa bado maandishi, kwa fonti ambayo duka la kuchapa halikuwa nayo. Fundi akaona herufi zimevurugika, akaamua kunisaidia: akaandika upya neno lile kwa fonti yake, kama sikio lake lilivyomwambia. Mtu asiyezaliwa huku haamini kwamba t na l zinaweza kushikana bila irabu katikati.

Mwenyekiti wa kwaya aliikunjua moja, akaitazama muda mrefu, akasema, "Kijana wangu, umezaliwa hapa na jina la hapa hulijui?" Nililipa fulana zote, 9,000 kwa moja, jumla 540,000. Ningeweza kugombana na lile duka, ila nilijua kosa lilianzia kwangu. Sikuyageuza maandishi kuwa maumbo, na sikuomba prufu, yaani sampuli ya kukagua kabla ya kuchapa.

Nimefanya kazi hii kwa kujitegemea miaka tisa, nikiwa Tlawi, kata mojawapo ya Mji wa Mbulu. Nikizihesabu hasara zangu zote, karibu hakuna hata moja iliyotokana na kuchora vibaya. Zimetokea kabla sijawasha kompyuta, au baada ya kuizima. Kwa hiyo kama wewe uko Dongobesh, Haydom au Katesh, na unafikiria kuishi kwa grafiki bila kuhamia mjini, sitakufundisha kuchora. Mafunzo ya kuchora yamejaa kwenye simu yako. Nitakueleza habari ya pande mbili za mchoro ambazo hakuna anayezifundisha.

Kaunta buku

Nunua kaunta buku moja ngumu, na usichore chochote ambacho hakina ukurasa humo. Mteja anapopiga simu, mjibu kwa heshima zote, sikiliza, kisha mwambie utampigia baada ya nusu saa. Hiyo nusu saa ni ya kujitenga na kelele na kukaa na kalamu. Maelezo niliyowahi kuyapokea nikiwa kwenye bodaboda yamenigharimu zaidi ya bodaboda yenyewe.

Swali langu la kwanza halihusu rangi. Nauliza: kitu hiki kitakaa wapi? Kikundi kimoja cha akina mama kiliniomba nembo. Walitaka mlima Hanang, ng'ombe, kitunguu saumu, mikono miwili inayosalimiana, na jua. Nikachora vyote, na kwenye kioo cha kompyuta vilipendeza. Baadaye wakaniambia kazi ya kwanza ya nembo hiyo ni muhuri wa ofisi. Muhuri una upana wa sentimita nne. Ng'ombe akageuka kuwa doa, na mikono ikawa kama kamba iliyofungwa fundo. Siku hizi, kabla ya kumwonyesha mteja nembo yoyote, naichapa kwa rangi nyeusi tupu, ndogo kama kifuniko cha soda, naibandika ukutani, narudi nyuma hatua tatu. Kama siijui mwenyewe, mteja hataijua.

Swali la pili ni maneno, na hapa sikubali kusomewa kwa simu. Naomba yaandikwe kwa mkono, yapigwe picha, yatumwe. Kwetu jambo hili ni zito kuliko kwingine. Kiiraqw, lugha ya huku, kina sauti ambazo kibodi na mafundi wa mjini hawana habari nazo. Kuna tl ya Tlawi, kuna sl ya Slaa, kuna q ya Qambalo, kuna hh ya Hhayuma, ambayo fundi ataipunguza kuwa h moja akidhani umegonga kitufe mara mbili. Zaidi ya yote kuna ile sauti ya koo iliyo kama "ain" ya Kiarabu, ambayo maandishi ya Kiiraqw huiwekea mkwaju: /. Huo mkwaju una vituko. Programu nyingi huudhani ni mahali pa kukata mstari, basi jina la mtu linagawanyika, nusu juu na nusu chini. Nao huwezi kuuweka kwenye jina la faili, kompyuta inakataa. Faili lipe namba ya ukurasa wa kaunta buku. Mkwaju ubaki ndani ya mchoro, na uukague mstari kwa mstari. Kwenye kadi ya harusi au ya msiba, jina lililokosewa halisahauliki. Kitambaa chaweza kufuliwa, lakini babu aliyepunguziwa herufi atakukumbusha kila mkikutana mnadani.

Swali la tatu ndilo lililochelewa sana kunijia: nani mwenye neno la mwisho? Vikundi vyetu vina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mzee mmoja asiye na cheo ambaye bila yeye hakuna linalopita. Zamani nilikuwa nikimalizana na katibu. Katibu anafurahi, ananisifu, kisha siku ya tatu mwenyekiti anapiga: "Hiyo kijani ni ya chama gani?" Nabadilisha. Mweka hazina naye anataka namba yake ya simu ionekane. Nabadilisha. Mwishoni yule mzee anauliza kwa upole kwa nini kuna twiga wakati Mbulu hatufugi twiga. Tumerudi mwanzo, na bei ni ileile.

Sasa nasema wazi, kabla ya bei: nitaleta michoro miwili, mtachagua mmoja, mtarekebisha mara mbili, na marekebisho yatapitia kwa mtu mmoja ambaye ninyi wenyewe mtamteua. Mara ya tatu inalipiwa. Naandika jina la huyo mtu kwenye kaunta buku na kumtumia ujumbe wenye maneno hayohayo. Wengi hawakasiriki. Watu waliokulia kwenye vikao wanaelewa vizuri kwamba kikao kinahitaji msemaji; ilikuwa ni mimi niliyekuwa nikiogopa kuuliza. Na kama unaweza, nenda mwenyewe kikao cha kwanza. Kaa nyuma, usifungue kompyuta. Utamtambua yule mzee kwa namna wengine wanavyonyamaza anapokohoa.

Kuhusu twiga, niongeze neno. Wateja wa mbali hudhani kila mchoro kutoka Kaskazini ni lazima uwe na mistari ya shuka la Kimaasai. Wairaqw walikuwa na sketi za ngozi zilizotiwa shanga, kazi nzuri ya subira, zilizohusiana na marmo, mafunzo ya faragha ya wasichana yaliyokoma enzi za ukoloni. Nyingi leo zimo kwenye makumbusho. Wadatoga wa Hanang wana shaba yao na ngozi yao. Wahadzabe wa Yaeda ni watu wengine kabisa. Usichukue pambo la mmoja ukampachika mwingine kwa sababu limependeza. Uliza ni la nani na lilivaliwa lini, na ukiambiwa "hilo si la kuweka kwenye gunia", liache.

Mteja akikuomba uongo mdogo

Mbulu ni nchi ya kitunguu saumu. Cha Bashay kinajulikana hadi Kariakoo. Kwa hiyo lebo za saumu, saumu ya unga, mafuta ya alizeti na asali ndizo zinazolipa ada za watoto wangu. Na karibu kila mteja wa lebo hufika siku akasema, "Weka na ile alama ya TBS, na ile mistari ya kuskani, tuonekane wakubwa."

Kataa, hata kama anayeomba ni shemeji yako. Alama ya ubora ya TBS hutumiwa na bidhaa iliyopimwa na kupewa leseni. Ukiichora kwa bidhaa isiyo nayo, umeshiriki uongo huo. Mistari nayo si pambo. Namba za msimbo pau zinazoanzia 620 hutolewa na GS1 Tanzania, na ukinakili ya bidhaa nyingine, siku lebo itakapopita kwenye mashine ya duka kubwa itasoma sabuni ya mtu. Ninachofanya ni kuacha nafasi nyeupe kwenye kona ya lebo, yenye kipimo kamili, na kumweleza mteja kwamba vikipatikana vitakaa hapo bila kuchora upya. Anajiona ana mpango, nami silali na wasiwasi.

Bei

Wengi huiga bei ya jirani, na jirani naye aliiga. Kaa chini upige hesabu yako. Mimi nilianza hivi: matumizi ya nyumba 450,000 kwa mwezi, gharama za kazi (LUKU, bando, nauli, akiba ya kompyuta mpya) 150,000. Jumla 600,000. Nikadhani nina siku 24 za kazi. Nilipozihesabu kwenye kaunta buku nikakuta siku ninazochora kwa malipo ni 12 tu. Nyingine zinaliwa na vikao, safari, kudai madeni na kusubiri. Kwa hiyo siku yangu moja ni 50,000. Nembo inayochukua siku tatu haiwezi kuwa 30,000, hata niwe na huruma namna gani. Tia namba zako, lakini usijidanganye kwenye ile 12.

Nachukua nusu kabla ya kuanza, kwa M-Pesa au benki, na nusu kabla ya kutoa faili la kuchapia. Prufu ninayotuma ina maandishi ya "SAMPULI" yaliyopita katikati, na ukubwa wake ni wa kutazama kwenye simu tu. Anayesema "tunaaminiana" ninamjibu kwamba ndiyo maana tumeandikiana.

Sasa ndugu. Hapa hakuna kanuni ya mjini itakayokufaa, maana kijijini huwezi kumwambia shangazi alipe nusu kabla. Nimetenga kazi moja kwa mwezi ya bure, na ninaitangaza: ya mwezi huu imechukuliwa na msiba wa kwa fulani, ya mwezi ujao iko wazi. Watu wamezoea, siku hizi wanauliza foleni iko wapi. Kazi hiyo naichora kwa uangalifu uleule, kwa sababu bango la msiba hutazamwa na watu wengi kuliko kipeperushi chochote, na mara mbili limeniletea mteja mwenye fedha aliyekuja kuzika.

Ofisi zina tabia zake. Zitakuomba TIN, jina la biashara lililosajiliwa BRELA, na zikikulipa huduma zitakata kodi ya zuio, asilimia 5. Dai cheti cha zuio hilo. Ni fedha yako iliyokwisha kulipwa TRA. Halmashauri zinanunua kupitia mfumo wa NeST tangu 2023, kwa hiyo jisajili hata kama huoni zabuni yako bado. Kwa mfanyabiashara binafsi mdogo, mauzo yasiyozidi 4,000,000 kwa mwaka yamekuwa hayatozwi kodi ya mapato, na juu ya hapo, mwenye kumbukumbu na asiye nazo hawakadiriwi kwa namna moja. Viwango huguswa kila bajeti ya Juni, uliza TRA mwezi Julai. Lakini umeona? Ni kaunta buku ileile.

Safari ya kwenda kuchapwa

Mchoro ukikubaliwa, nusu ya hatari iko mbele. Geuza maandishi yote kuwa maumbo, kwenye nakala, si kwenye faili mama, maana ukiyageuza huwezi kuyahariri tena. Programu zote za kazi hii, kuanzia CorelDRAW iliyozoeleka kwenye maduka yetu, Illustrator, hadi Inkscape ya bure, zina amri hiyo. Rangi ziweke kwenye CMYK mapema, siyo dakika ya mwisho. Ile bluu na kijani zinazong'aa kwenye kioo hazipo kwenye wino, na ni heri mteja akasirike kwenye prufu kuliko kwenye boksi. Maandishi madogo meusi yaache yawe ya wino mweusi mmoja, yasiwe mchanganyiko wa wino nne, la sivyo mashine ikicheza kidogo yatakuwa na kivuli. Mandharinyuma ipite ukingo wa kukatwa kwa milimita 3 kila upande. Picha za kitu cha kushikwa mkononi ziwe na nukta 300 kwa inchi. Za bango la barabarani hazihitaji hivyo. Na mwambie mteja atume picha ya WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha inabanwa, na wewe ndiye utakayelaumiwa ikipasuka.

Chagua duka moja au mawili ya kuchapa na uyatembelee kwa miguu yako. Mimi hushuka mjini mara moja kwa mwaka. Namnunulia fundi chai, namwuliza mashine yake inachukia nini. Mmoja aliniambia machungwa yake hutoka mekundu. Tangu hapo kazi zenye machungwa namtumia mwenzake. Maarifa hayo huyapati kwenye kitabu. Niliondoka pia na ukanda wa rangi aliouchapa kwa mashine yake, nimeubandika pembeni ya kioo. Nikichagua rangi natazama ukanda, si kioo.

Prufu ya mwisho ni kipande kimoja halisi. Kwa fulana, moja kabla ya sitini. Kikija kwa basi, andika namba ya gari na ya kondakta, na kwenye kifurushi andika simu mbili, maana huku mvua ya masika inaweza kulichelewesha basi mlimani na simu ya kwanza ikawa imezima. Tarehe ya mteja irudishe nyuma siku nne. Mwenye harusi Jumamosi, kwangu ni Jumanne.

Umeme na mtandao sitavizungumzia kwa kirefu. Nina betri ya akiba ya kumalizia kazi na kuhifadhi, siyo ya kuendelea. Napakia mafaili usiku wa manane kwa bando la usiku, na kila Ijumaa nakala inakwenda kwenye diski ya nje inayolala nyumba nyingine, kwa dada yangu. Radi haijawahi kunipiga mara mbili tangu nianze desturi hiyo; ilinipiga mara moja, ikatosha.

Jina lako

Mzee Francis Kanyasu, aliyejulikana kwa jina la Ngosha, alifariki dunia Mei 2017 jijini Dar es Salaam. Siku chache kabla, taifa lilikuwa limemwona kwenye televisheni, mgonjwa, aliyeishi kwa shida Buguruni, akisema yeye ndiye aliyechora nembo ya taifa, yenye bibi na bwana, pembe za ndovu na mwenge. Wapo waliotaja majina mengine. Sina la kuamua, ila nilipotazama habari ile nilishika kaunta buku yangu, nikaanza kutia tarehe kwenye michoro ya penseli, hata ile mibaya.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake, na ulinzi unaanza kazi ikiisha kutengenezwa, si lazima kwanza isajiliwe. Kusajili COSOTA kunakupa ushahidi. Lakini ushahidi wa kwanza ni ule unaoutengeneza mwenyewe: mchoro wa penseli wenye tarehe, ujumbe wa mteja, prufu. Na andika mapema mteja ananunua nini. Kutumia nembo? Kuimiliki kabisa? Kupewa faili mama? Kila moja lina bei yake, na mimi faili mama nalitoa kwa nyongeza. Aliyelipata bure miaka ya nyuma alimpa mpwa wake anyooshe, na sasa kuna ng'ombe barabarani Mbulu mwenye miguu mitano ambaye watu wanasema ni wangu.

Mchana wa fundi asiye na karakana

Kwa majirani, mimi ni mtu anayelala mchana. Wanaona taa yangu saa nane usiku na mlango umefungwa saa nne asubuhi. Kwa miaka miwili mama aliniuliza, "Leo pia huendi kazini?" Nilijaribu kumweleza, nikachoka. Kilichosaidia ni meza. Niliiweka dirishani panapoonekana kutoka njiani, nikaanza kuvaa viatu nikikaa hapo, saa tatu hadi saa saba. Ni upuuzi, najua, lakini watu walipoacha kuingia kunituma dukani, nikapata saa nne za kazi ambazo hakuna programu ingenipa. Mchana nalima au natembea hadi ziwani. Februari na Machi kazi hupungua, fedha za watu zikiwa shambani. Usishushe bei miezi hiyo, tengeneza violezo vya kadi za Pasaka na za harusi za Juni.

Baridi ya Julai pia ina somo lake: vidole vikiganda, makosa huongezeka. Ndipo nilipoanza kumpa mama prufu azisome kwa sauti. Yeye hajali rangi wala mpangilio. Anasoma kila herufi, pamoja na namba, kama anavyosoma karatasi ya dawa, na Kiiraqw chake ni safi kuliko changu. Namlipa sukari.

Wiki iliyopita alinirudishia lebo ya saumu ya unga, kidole chake kikiwa kimekaa chini kabisa, kwenye maandishi ambayo mimi, mteja na katibu wa kikundi tulikuwa tumeyapitisha. Kopo ni la gramu 250. Tulikuwa tumeandika 2500, na lebo 1,000 zilikuwa zichapwe kesho yake asubuhi.